Sahani Saba

Juu ya duka la misumari, Tudor,
Shee Athumani kafungua mkahawa.
Sahani saba, bei ya gunia la mchele.
Tukaagiza ya mtu mmoja.

Ya kwanza pweza, vipande vitatu,
na tone la ukwaju.
Ukanisogezea viwili, ukasema huli pweza.
Miaka kumi na tisa ya ndoa,
leo ndio kwanza nasikia.

Ya tatu mbaazi, zimechujwa hata hazina punje.
Nikafumba macho: mkono wa mamake,
yule aliyetupimia barazani
kwa kikombe cha bati.

Ya tano ikaja imeshagawanywa.
Hatukuomba.
Jikoni kuna mtu alituona.

Ya saba, kaimati. Moja, nzima.
Ukaiuma nusu,
shira ikakutiririka hadi kwenye pete.