Madirisha Mawili kwa Mbele

Sista Brijita, aliyestaafu akarudi kwao,
alinitumia karatasi tatu
zimekunjwa ndani ya kalenda ya watakatifu.
Sensa ya Ayalandi, mwaka wa kumi na moja, karne iliyopita.
Nilizifungulia palepale posta ya Nakuru,
mtu nyuma yangu akisema, mama, songa.

Na yumo. Wamemwandika kwa wino mnene:
Konilio Hanrahani, mwana, miaka minne,
Mkatoliki, hajui kusoma,
amezaliwa kaunti ya Meyo
(kumbe nao wana kaunti).
Lugha: ya kwao, na Kiingereza.
Mama yake ana jina. Dada zake watano
kila mmoja na lake, hata kichanga cha miezi miwili.
Karani aliizunguka nyumba akihesabu:
kuta za mawe, vyumba viwili,
madirisha mawili kwa mbele,
paa la nyasi.

Paa la nyasi!
Nilicheka hadi mlinzi akanitazama.
Babu, bwana mkubwa wa ngano kule Njoro,
uliyekata mishahara ya watu
kulipia kodi ya kila paa la nyasi,
nawe ulitoka humo humo.

Kumpata yeye kumenigharimu stempu.
Kumtafuta bibi nimemaliza viatu.

Kwenye jumba la nyaraka wino ni marufuku,
Chelagat anakupa penseli na kukutazama mikono.
Daftari la kodi ya vibanda, shamba la Hanrahani,
mwaka wa thelathini na saba; mchwa wameonja pembe.
Ng'ombe wa maziwa wana majina: Dezi, Malkia, Rozi.
Wanaume wana namba za kipande
na dole gumba lililokandamizwa.
Kisha mstari wa arobaini na moja:
kibanda kimoja, mwanamke mmoja,
shilingi kumi na mbili, imelipwa.
Basi.

Najuaje ni yeye? Mama alizaliwa
kibanda cha mwisho kabla ya josho,
na karani huyu aliandika akifuata njia:
thelathini na tisa, arobaini, arobaini na moja, josho.
Wanawake hawakuvishwa kipande,
kwa hiyo hata kidole chake hakikuguswa na wino.

Vugutsa, binti wa Mudete,
aliyenisuka nywele hizi za kutu akinung'unika
kwamba hazishikiki, zinateleza kama mrenda.
Watoto wa mtaani waliniita Pointi.
Yeye aliniita Kageha, jina la mama yake,
mara mbili mbili, lisije likapotea njiani.
Ukimuuliza habari za Hanrahani
aliinuka kwenda kupepeta
kitu kilichokwisha kupepetwa.

Chelagat alitoka kunywa chai.
Nilichukua karatasi tupu,
nikachora safu zilezile za Ayalandi
nikaanza.
Jina: Vugutsa.
Uhusiano na mkuu wa nyumba: ndiye mkuu.
Umri: alizaliwa mwaka wa nzige, jumlisheni wenyewe.
Kusoma: mawingu; na barua za watu,
kwa kutazama nyuso za wanaosomewa.
Lugha: Kilogooli, na Kiswahili cha jikoni
alichokitema kila alipofika kwake.
Paa: nyasi.
Madirisha kwa mbele: hakuna.
Mlango ulitosha kuona taa za gari likija.

Safu ya mwisho inauliza:
kiziwi, bubu, au kipofu?
Penseli ikasimama hapo.
Chelagat alirudi, akatikisa funguo,
nikamwambia, dakika moja tu,
bado kidogo.