Si Mmoja, Si Wawili

Baba hakuhesabu watu kwa namba.
Kwetu ni mwiko: binadamu si gunia la ngano.
Jioni, katika sinagogi ya matofali kwenye mteremko wa Duluth,
alipitisha macho kwenye mabenchi akinong'ona
si mmoja, si wawili, si watatu,
hadi afike si kumi,
ndipo mfiwa aruhusiwe kusimama na sala yake.

Mchana alikuwa Zelig Abramovsky, muuza viatu,
diwani wa kata ya pili,
tai imelala upande kama ulimi wa mbwa mwenye kiu.
Barazani kila kitu ni namba:
kura, asilimia, bajeti,
na usiku ule, nyumba mia nne na kumi na moja
ambazo maji yake hupita katika mabomba ya risasi.
"Kwa jiji zima," alisema mwenyekiti, "si nyingi."

Baba akaomba nafasi. Hakuhutubia.
Alitoa karatasi mfukoni akaanza kusoma majina:
Aune Lehtinen, na paka wake.
Hatchett, na wajukuu watano.
Bellanger, mjane, ghorofa ya chini.
Saa nne. Saa tano. Saa sita ya usiku.
Karani alisinzia juu ya mhuri.
Mwandishi wa gazeti alivua viatu
(alivinunua kwetu; vilimbana tangu siku ya kwanza).
Jina la mwisho lilitoka bila sauti, midomo tu.
Wakapiga kura. Akashindwa.

Mwaka uliofuata akasoma tena.
Mara ya tatu walipitisha kabla hajavaa miwani.

Tulimzika Novemba, ardhi ikiwa bado inakubali jembe.
Januari upepo wa ziwani ukafunga barabara,
nami, bintiye, nilisimama na kitabu mkononi
tukiwa si tisa.
Mzee Nachman Gurvitz yuko juu mlimani, nyonga mbovu,
anapiga simu kuomba radhi.

Nje likanguruma gari la jiji la kufyeka theluji.
Dereva aliingia kuuliza kama aondoe rundo la mlangoni.
Tukamweleza shida yetu.
Akakuna ndevu zilizoganda.
"Mimi simo katika hesabu yenu," akasema,
"ila mama yangu alikuwamo katika ile karatasi."
Akageuza gari.

Nusu saa baadaye Gurvitz akashuka, kofia na blanketi,
ametukuka kama bwana harusi.
Nikasema sala ile isiyotaja kifo hata mara moja.
Bellanger aliketi nyuma, buti zikichuruzika.

Asubuhi nikaenda ukumbi wa jiji kulipa mafuta.
Baba angenifufukia nisipolipa.
Karani yule yule, mhuri ule ule:
"Galoni mbili. Kwa ajili ya abiria wangapi?"

Andika, nikamwambia,
si mmoja.