Robo ya Nne

Barua ya halmashauri ilikuja imegandana na bili ya umeme,
nikazitenganisha kwa kisu cha siagi.
*Kwa Bi. Philomena Dunphy, mmiliki wa malazi ya muda mfupi.*
Mmiliki wa malazi!
Chumba kimoja, dirisha moja, ghuba mbele yake,
kitanda cha mwanangu Leander,
na kwenye fremu ya mlango alama za kisu
za urefu wake, mpaka alipokataa kupimwa.

Asilimia nne ya kila usiku.
Kwa dola mia na kumi, ni dola nne na senti arobaini.
Si nyingi. Sitadanganya, si nyingi.
Ni mayai ya wageni wawili na sabuni ya mashuka yao.
Ila lazima zihesabiwe, na wa kuhesabu ni mimi,
kila miezi mitatu, fomu kurasa sita,
na namba ya usajili niipigilie mlangoni
kama chapa kwenye paja la ng'ombe.
Nyundo ya marehemu Ambrose ningali nayo.
Nikapigilia.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Siku hizi ya kwanza tu nampa risiti.
Mwezi wa sita, milima ya barafu ikipita ghubani,
bwana mmoja wa Winnipeg aliishika kwa vidole viwili:
"Hii dola nne ya nini?"
Ya barabara uliyojia.
"Ile yenye mashimo?"
Hiyo hiyo.

Mkutanoni, ukumbi wa kanisa, Hubert Cluett alipiga meza:
wanatukamua hata tone la mwisho!
Tukapiga makofi. Mimi pia.
Kisha akasimama Tamsin, mwalimu wa darasa la pili,
koti hajalivua,
akasema mwezi wa nane huu analala kwenye karavani ya shemeji yake,
na nyumba kumi na moja kule upande wa mnara
ni za kampuni moja ya Toronto;
tangu Oktoba hakuna taa inayowaka.
Hakupaza sauti.
Nikatazama viatu vyangu.

Kampuni ile nayo, asilimia nne.
Wao wana mhasibu.
Mimi nina kalamu ya bure ya benki
na miwani ya kuchagua mwenyewe dukani.

Aprili, theluji ilimnasa kijana wa baiskeli.
Usiku wa pili sikumtoza; ningemtozaje, meno yanagongana?
Fomu ikauliza: *usiku ambao chumba kilikuwa na mtu.*
Nikampigia karani, Bi. Rideout:
asilimia nne ya bure ni ngapi?
"Sifuri, Fil. Sifuri ni sifuri."

Desemba alikuja Leander, kutoka machimbo ya mafuta Alberta.
Usiku tano.
Miguu ilitokeza nje ya kitanda.
Hakusema mengi. Alitengeneza bomba la jikoni,
akalitengeneza tena.
Siku ya kuondoka nilikuta mashuka yamekunjwa
pembe kwa pembe, juu yake taulo,
kama wanavyofanya wageni wenye adabu.

Januari, robo ya nne.
*Usiku ambao chumba kilikuwa na mtu:* tano.
Bei ya baridi dola sabini, mara tano mia tatu na hamsini,
asilimia nne, kumi na nne.
Nikaandika hundi.
Bi. Rideout akapiga simu:
"Fil, mtoto wako hatozwi."
Najua.
"Nikurudishie?"
Piga mhuri, Bride.
Alikaa kimya, nikasikia mashine ya kahawa ya ofisini ikikoroma.

Risiti iko kwenye friji, chini ya sumaku ya duka la matairi.
Mhuri wa bluu umepinda kidogo.
Inasema, kwa maandishi ya serikali,
kwamba kuanzia tarehe ishirini na mbili hadi ishirini na saba
chumba changu kilikuwa na mtu.