Gurudumu la Nyuma, Kushoto

Jumatatu limekaa chini tena,
gurudumu la nyuma, kushoto,
limebonyea kama shavu la asiye na meno,
na Datsun yangu imeinama upande
mithili ya mtu ategaye sikio ukutani.

Miaka thelathini na mmoja nimehesabu makasha Kilindini.
Basi nikatoa daftari na kipimo cha upepo:
Jumatatu, nimejaza, ishirini na nane.
Jumatano, ishirini na moja.
Ijumaa, baada ya sala, kumi na mbili.
Jumapili, chuma juu ya mchanga.

Nikaandika na majina pia.
Feiswali wa ghorofa ya pili, akitakaye kivuli hiki
aegeshe Probox yake.
Paka wa duka la nazi. (Paka nikamfuta.)
Na Shumi wa Mwanasiti, miaka tisa,
na mpira wake unaougonga mlango wa dereva
tu! tu! tu! tangu alasiri hadi magharibi.

Mpira nikautaifisha.
Nikaufungia kabatini, chini ya kanzu za Idi,
ufunguo nikautia mfukoni.
Mwanasiti hakusema neno. Alinitazama tu,
na tangu siku hiyo
sahani yake ya Ijumaa haijavuka ngazi.

Tairi likaendelea kushuka.

Nikakesha dirishani, kiti cha plastiki,
kahawa, tochi,
na macho haya yenye ukungu
ambayo daktari ameyakataza barabara tangu Rajabu.
Saa tisa akapita mlinzi akikohoa.
Saa kumi, mtu na baiskeli ya maziwa.
Tudor nzima ikapita, hakuna aliyeinama.
Asubuhi: kumi na nne.

Ndipo nikamwita Kilonzo wa pancha.
Akaja na ndoo na kipande cha sabuni.
Hakuuliza nani. Hilo lilinishangaza.
Aliuliza, "Mzee, gari hili lilitembea lini?"
Nikafungua daftari,
kana kwamba jibu limo.

Akalitia upepo, akalipaka povu taratibu
kama anayemwosha mtoto masikio.
Msumari, hakuna. Valvu imetulia.
Halafu pembeni, pale mpira unapokutana na chuma,
povu likaanza kutokota, dogo dogo,
kama wali unaokaribia kukauka.

"Kutu," akasema. Akakwangua kwa bisibisi,
magamba mekundu yakamjaa kiganjani.
"Chumvi hii, Mzee. Yaja na upepo, yakaa.
Na gari lako lakaa.
Vikikaa pamoja vinazoeana."

Mia tano, na msasa juu yake. Akaenda zake.

Nikabaki na ukurasa wa majina,
sijui niuchane au niuache.
Nikapanda juu, nikafungua kabati.

Mpira wa Shumi umenywea.
Umelegea chini ya kanzu kama stafeli la juzi.
Nikautosa kwenye beseni, nikaubana, nikaugeuza,
nikingoja povu.
Maji kimya.
Hakuna aliyeingia humu. Ufunguo ninao mimi.
Upepo umetoka wenyewe, gizani,
siku kumi na tisa. Nimehesabu.

Feiswali nitamwendea kesho,
nilimkatia salamu wiki mbili, kesho haitazidisha deni.
Sasa nimesimama mlangoni kwa Mwanasiti,
pampu mkono huu, mpira mkono huu,
nimeujaza hadi unalia ukiupiga kofi.
Ndani nasikia vijiko.
Nimebisha mara moja.
Bandarini tulikuwa na fomu kwa kila kosa,
isipokuwa hili.

Mlango unafunguka kidogo, kiasi cha Shumi.
Anautazama mpira kwanza, kisha mimi,
kisha mpira.
Anaubonyeza kwa kidole gumba, hapa, na hapa,
uso umekaza
kama aliyesomea kazi hiyo,
na mimi nangoja kipimo.