Diski ya Nne

Umeme umerudi Kadutu saa nane za usiku.
Cibalonza anaamka kama mwenye kichanga.
Anaupasua mfumo, anautoa matumbo:
michezo, nje;
saa za miji asiyoijua, nje.
Anaingiza kamusi, menyu za Kiswahili,
na ile draiva ya printa kuukuu ya Kaziba
iliyomnyima usingizi wiki tatu.

Kule shuleni mtandao haupandi mlima.
Atakachosahau leo, kimesahaulika.

Diski inazunguka. Tisini na nne. Tisini na tano.
Taa inakonyeza,
naye anabana pumzi
kana kwamba ndiyo waya wa kutoka Ruzizi.

Mia.

Anaandika juu yake kwa wino mweusi: ya nne.
Zile tatu za kwanza
zinaning'inia shambani kwa mama yake,
zinametameta,
zinafukuza ndege kwenye mtama.