Boliti Inayodanganya

Nimeinunua kwa Halldora Eyjolfson, nyuma ya banda lake,
nje kidogo ya Arborg, Manitoba,
kwa bei ya mashine ya kukatia nyasi isiyowaka.
Trela ya faibaglasi, nusu mbili zilizofungwa mshipi kiunoni,
yai lililotagwa mwaka sabini na mbili
kuku akaenda zake.
Halldora aliapa: "Haivuji."
Panya waliokuwa ndani hawakusema neno,
walitazamana tu.

Aprili. Theluji bado imeng'ang'ania vivuli vya maghala ya ngano.
Nilianza kwa pua.
Kuvu. Mafuta ya kukaangia ya watu waliokwisha kuzeeka.
Nikavaa barakoa, glavu, miwani,
na binti yangu Signy akauliza
kama nakwenda kuzika au kuolewa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, husemwa.
Hapa ukuta wenyewe hauzidi unene wa kidole cha mwisho
na ufa huuzibi kabla hujaupanua:
unauchimba kwa ncha ya bisibisi mpaka uone kizima,
msasa wa themanini, kisha wa mia na ishirini,
kisha kitambaa cha kioo, kisha resini,
kisha kigumisho, matone kumi.
Niliweka kumi na manne, kwa haraka zangu.
Kopo likachemka mkononi, likafuka moshi,
nikalitupa thelujini.
Lipo hadi leo pale uani,
jiwe la rangi ya asali lililomeza brashi yangu.

Nimeendesha basi la shule miaka ishirini na sita.
Beringi nazijua kwa sauti, hata nikiwa nimelala.
Nilizifungua, nikazifuta, nikazishindilia grisi kwa kiganja
kama mtu anayelisha mtoto mkaidi.
Ribiti zilikuwa mia moja na nne.
Usiniulize habari za ribiti.

Sakafu ilikuwa keki iliyomwagiwa chai.
Nikaing'oa, na karibu na mlango,
kwenye ubao mmoja uliokataa kuoza,
mtu ameandika kwa penseli:
*Boliti hii inadanganya. Utadhani imekaza.
Iguse kila mwaka kabla ya safari.
Wasyl K., Mei 1984.*

Nikaigusa.
Ikazunguka kwa vidole vitupu.

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, spana pajani.
Wasyl sikumjua. Huenda alikuwa na masharubu,
huenda alimpigia mkewe kelele kwa ajili ya jeki.
Lakini alipiga magoti hapa nilipopiga mimi,
akamfikiria mtu ambaye hajaja.

Basi nikabadilisha boliti, na nati, na ule ubao nikauacha.
Nikapima uzito wa shingo ya trela
kwa mzani wa bafuni uliozoea kunisuta mimi:
kilo hamsini na tano, inafaa.
Nikapaka povu la sabuni kwenye bomba la gesi,
nikasubiri mapovu. Hayakuja.
Minyororo nikaipishanisha chini ya kiungo
ili trela ikichomoka idakwe, isilimwe na lami.
Signy alisimama nyuma akipiga kelele:
"Kushoto! Breki! Kushoto tena! Hakuna kushoto!"
Waya ulikuwa umekatwa na panya, bila shaka.

Kabla ya kufunga sakafu mpya nilimpa Signy penseli.
Aliandika muda mrefu, mgongo ameunipa,
akagoma kunionyesha.
Nikapigilia plaiwudi juu ya siri yake, skrubu sitini.

Julai tulilala kando ya barabara, kupita Dauphin.
Saa nane usiku mvua ikaja na farasi wake wote.
Nikalala macho wazi, nikisikiliza kila ribiti.
Tone moja. Katikati ya paji la uso wangu.

"Haivuji," akasema Signy gizani,
kwa sauti ileile ya Halldora,
na sufuria nikaitafuta kwa kupapasa, tumbo likiniuma kwa kucheka.