Nyayo za Hewa

Saa nane za usiku, Dodoma, mwezi wa Agosti,
upepo unasukuma vumbi chini ya mlango wa maabara
na mimi nasukuma kitambaa cha maji kulizuia.
Ndani ya kabati la joto, nyuzi thelathini na saba,
seli za kinga za mtu nisiyemjua
zinadhani bado zimo mwilini mwake.

Nimezichokoza. Nimezitilia mabaki ya bakteria,
vipande vilivyokufa, vyenye harufu ya adui tu,
nazo zimekasirika kweli:
zile kubwa, zinazomeza, zimetanua miguu isiyo mifupa
zikaanza kufua silaha yao,
atomi mbili zilizoshikana mikono,
naitrojeni moja, oksijeni moja,
oksidi ya nitriki,
hewa isiyoishi muda wa chafya tatu.

Haibishi hodi. Ukuta wa seli kwake ni pazia.
Inadidimia
kama yule tembo aliyezama akauachia mji huu jina,
ila tembo alionekana.
Hii siioni. Nafuata nyayo:
nadondosha dawa, nangoja dakika kumi,
na pale ilipopita maji yanageuka waridi,
waridi la makapi ya zabibu zilizokwisha kukamuliwa.

Ndugu yangu Ndahani analima mizabibu Mpunguzi.
Mwaka juzi alikohoa tangu mavuno ya Machi hadi ya Agosti,
akaficha damu ndani ya leso, akasema ni vumbi.
Kisha miezi sita ya vidonge, mkojo wa rangi ya chungwa,
na mama akimkaangia karanga za Kongwa kila jioni.
Sikumwambia mama kwamba ndani ya karanga
mna kitu ambacho seli zile hukivunja
kuipata hewa hiyohiyo.
Angekaanga gunia zima.

Ndahani nilimweleza, alipopona kiasi cha kubishana.
Kidogo chake huamsha: seli changa husikia,
hugawanyika, mbili, nne, nane, kikosi.
Kingi chake huua kijidudu,
kisha humgeukia hata askari wa nyumbani,
humwambia, basi, usizae tena.
Naye hukaa, yu hai, mikono magotini.

"Sasa hiyo ni bunduki au ni breki?"
Nikasema inategemea kiasi,
jibu la kila msomi asiye na jibu.
Akachukua mkasi, akaniongoza hadi mstari wa nne,
akakata tawi bichi, nene, lisilo hata doa.
Niliumia. "Hili limekosa nini?"
"Halijakosa," akasema. "Mzabibu haujui kuacha."

Marehemu baba, yeye aliipenda radi.
Desemba, ikipasua anga juu ya Chamwino,
alisimama mlangoni, mama akimvuta shati:
"Hiyo inapika mbolea! Mtaona uwele!"
Tulimcheka hadi tukapaliwa.
Miaka ishirini baadaye, kwenye kiti cha chuo,
nikasoma kwamba radi huziunganisha hewa mbili zilezile
na mvua huzishusha udongoni.
Nilitoka darasani nikanawe uso.

Saa kumi. Umeme unakatika.
Jenereta linakohoa, linakohoa, linashika.
Nimeshaanza kusoma sahani kwa mwanga wa simu:
vishimo tisini na sita.
Safu za juu waridi kali, na humo seli hazikuzaliana;
za kati waridi hafifu, zimejaa, zinasukumana
kama watu kwenye bomba la maji.
Kishimo kimoja, safu ya tatu, cha saba,
kilichopewa kila kitu walichopewa wenzake,
kimebaki maji matupu.
Nafuta miwani. Nakitazama tena.
Maji.
Nakiandika kama kilivyo.
Vumbi limeshavuka kitambaa.